Dada yupo Uingereza anahudumia wazee wa watu, mimi nipo Nkuhungu namhudumia mama, kaka zetu wanasema "nyie si mnasaidiana"

MLETA UZI

Wakuu habari za jioni. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu, ila mwenye mzazi mgonjwa ndani au ndugu yake yupo nje naomba asome mpaka chini kisha atoe mawazo.

Sisi ni watu wa hapahapa Dodoma. Mzee alishatangulia, mama alikuwa Hombolo kwenye shamba lake la zabibu mpaka alipopata kiharusi, upande wa kulia ukalala na maneno yakawa hayatoki vizuri. Tupo wanne, kaka wawili wakubwa, dada, halafu mimi kitinda mimba. Dada aliondoka katikati ya 2024 kwenda Leicester kwa viza ya uhudumu, yupo kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Wanawe wawili wapo kwangu, shemeji ni dereva wa lori, leo yupo Tunduma kesho Kahama, hawezi kukaa na watoto.

Nianze na hili la watoto maana kuna watu kwenye ukoo wetu mpaka leo wanasema "mama gani anaacha watoto anafuata hela". Waingereza walibadilisha sheria, wahudumu wanaoomba viza kuanzia tarehe 11 Machi 2024 hawaruhusiwi tena kwenda na mwenza wala watoto. Makaratasi ya dada yalikamilika baada ya hapo. Alikuwa ameshachukua mkopo, ameshaacha kazi, ameshafanya mtihani wa Kiingereza, angefanyaje? Alilia hapa kwangu usiku kucha na asubuhi akapanda treni kwenda Dar kupanda ndege. Sasa mtu anayekaa Area C na watoto wake wote mezani anamwita mama mbaya, inaniuma sana.

Mimi nilikuwa na kibanda cha mama lishe kule Mtumba, Mji wa Serikali, nawapikia mafundi na vijana wa maofisini. Wali maharage, ugali samaki, na Jumatano mlenda kwa ugali wa uwele maana watu wa huku waliohamishiwa maofisi ya Mtumba wanautafuta kwa udi na uvumba. Ilikuwa inalipa kodi, inalipa kikoba, na nilikuwa nimeshaanza kuweka hela ya friji. Mama alipotoka hospitali kibanda kikafungwa. Hakuna aliyeniambia nifunge na hakuna aliyeuliza nikifunga nitakula nini, ilichukuliwa tu kwamba wa mwisho, mwanamke, hana mume, basi yupo.

Sasa niwaeleze kazi yenyewe ilivyo maana wengi wanadhani kuuguza ni kukaa pembeni ya kitanda. Dada ndo alinifundisha kumgeuza mama. Alipiga vidio koli, simu nikaiegemeza kwenye chupa ya chai juu ya stuli ili aone kitanda chote. Akasema chukua shuka la zamani, likunje mara mbili, lilaze chini ya mama kuanzia mabegani mpaka chini ya makalio, hilo ndo la kuvutia, usimvute kwa mkono uliolala bega litachomoka. Mkono wake uweke kifuani, goti la upande wa mbali likunje, shika shuka usawa wa bega na usawa wa nyonga, mwambie kwanza "mama nakugeuza", usimguse kabla hujamwambia, halafu hesabu tatu uvute kuja kwako. Mto mgongoni, mto katikati ya magoti, visigino visiguse godoro. Mama akawa anaisikia sauti ya dada anazungusha jicho kuitafuta inatokea wapi. Tulirudia mpaka nikaweza peke yangu, dada akasema haya mimi naingia shifti, akakata, akaenda kuwageuza wazee wa kule kwa shuka la namna hiyohiyo ila la kwao linateleza limetengenezwa kwa kazi hiyo.

Na hiyo ni kila baada ya saa mbili, mchana na usiku. Katikati hapo kuna pampasi, uji wa kulisha kijiko kwa kijiko, dawa za presha, mashuka ya kufua na maji ya huku mnayajua, watoto wa dada kurudi shule wanataka kula wanataka kusaidiwa homuweki. Wakati wa baridi Leicester ipo nyuma yetu saa tatu, dada akitoka shifti ya usiku kwao saa 2 asubuhi kwetu ni saa 5, hiyo ndo saa yake ya kuongea na mama kabla hajalala. Watoto wapo shule. Kwa hiyo anaowakuta ni mimi na mama, wanawe anawapata Jumapili.

Hapo ndo kaka zetu wanaposema nyie si mnasaidiana. Kaka mkubwa alipiga hesabu mbele ya watu, kwamba kima cha chini Uingereza kuanzia Aprili 2025 kilikuwa pauni 12.21 kwa saa, akazidisha kwa shilingi ikaja zaidi ya elfu thelathini kwa saa, akasema huyu anashindwaje kumtunza mama peke yake. Hakutoa kodi ya chumba, hakutoa kodi ya serikali, ya halmashauri, umeme wa kupasha nyumba joto, nauli, wala mkopo wa kuondokea ambao bado anaulipa. Na hajui kitu kimoja kinachomkosesha dada usingizi: viza yake imefungwa kwa mwajiri. Mwajiri akinyang'anywa leseni ya udhamini (ruhusa ya serikali ya kuajiri watu kutoka nje) au akimwachisha, anapewa siku 60 atafute mwingine mwenye leseni la sivyo aondoke. Kwa hiyo akiambiwa ongeza shifti anaongeza, akiumwa mgongo anameza dawa anaenda. Likizo yake kisheria ni siku 28 kwa mwaka akiwa wa muda wote, na nauli ya kuja na kurudi inakula akiba yote, halafu watu wanauliza mbona haji kumuona mama.

Bado kuna upande wa ukweni. Mawifi zake wanamuuliza nani anampikia kaka yao. Grupu la ukoo kila harusi jina lake linaandikwa juu kabisa na kiasi kimeshajazwa kabla hajaulizwa. Akichelewa kutuma anaambiwa Uzungu umemwingia.

Mimi sitaki mtu anionee huruma, nataka jambo moja lieleweke. Kumhudumia mama ni kazi, ihesabiwe kazi, na igawanywe kwa watoto wote wanne. Asiyeweza kuweka mikono aweke hela ya kumlipa mwenye mikono. Dada asitoe hela ya watu wanne kwa sababu yupo nje, na mimi nisitoe mikono ya watu wanne kwa sababu nipo karibu. Mahari ya dada ililetwa ng'ombe na mbuzi na waliogawana ni wanaume wa ukoo. Shamba la Hombolo likizungumziwa wanaoitwa kikaoni nawajua. Kwenye mali wao ndo watoto wa mama, kwenye shuka lililolowa saa 9 usiku watoto wa mama ni mimi na dada.

Karibuni.

MDAU #2

Mleta uzi pole kwa kuuguza ila naomba niwe tofauti kidogo. Mila zetu mtoto wa kiume hawezi kumwogesha mama yake, hilo haliwezekani hata kama mnataka usawa, utupu wa mama ni mwiko. Kaka zako wasilaumiwe kwa kitu ambacho hata mama mwenyewe asingekubali akiwa na nguvu zake. Na dada anatuma hela vizuri tu, wewe unakaa na watoto, mbona mnaenda sawa? Kila mtu na nafasi yake.

MDAU #3

Mimi ni wa Kondoa, nilikuwa Muscat, Oman, kazi za ndani mkataba wa miaka miwili. #2 unasema kila mtu na nafasi yake, acha nikuambie nafasi yangu ilivyokuwa. Naamka kabla ya alfajiri nalala wakiwa wamelala wote, pasipoti wanayo wao, kubadilisha mwajiri huwezi mpaka yeye akubali, ndo ulivyokuwa mfumo wao wa udhamini. Mwaka 2017 Human Rights Watch walitoa ripoti ya Watanzania wanaofanya kazi za ndani Oman na Emirates na mengi waliyoandika mimi niliyaishi, kunyang'anywa pasipoti, masaa yasiyo na mwisho, mshahara kucheleweshwa.

Mama yangu alifariki nikiwa huko. Nilipigiwa asubuhi, alizikwa siku hiyohiyo baada ya adhuhuri, mimi nipo jikoni nakaanga sambusa za wageni wa watu. Bosi alisema hata ukienda hutamkuta. Jioni ujumbe ukaja kutoka nyumbani, sikuulizwa nipo katika hali gani, niliandikiwa mchele kiasi gani, mafuta, ng'ombe wa hitma, turubai, jumla hiyo hapo tunakusubiri wewe maana wewe ndo upo Uarabuni. Nikaomba mshahara mbele, wakanipa, na hiyo hela ndo ilinifunga mpaka mkataba ukaisha, nikitaka kuondoka wanasema lipa kwanza. Nilifiwa na nikaingia deni la kufiwa. Kaka zangu walibeba jeneza wakasifiwa. Mpaka leo sijawahi kukaa matanga ya mama yangu.

Mleta uzi usikubali. Andika kila kitu, nani katoa nini, karatasi haina aibu.

MLETA UZI

#3 mama pole sana, nimesoma mara mbili. Mungu amrehemu mama. Hiyo ya kuandika nimeichukua.

#2 kaka yangu, sijaomba mtu amwogeshe mama. Hata mimi nisingetaka aibu hiyo kwa mama, tena akili zake zipo timamu anajua nani kaingia chumbani. Lakini hesabu na mimi tuone mila inazuia nini. Kumwogesha, sawa. Kubadilisha pampasi, sawa. Kuchota maji je? Kufua mashuka? Kwenda dirisha la dawa na kukaa foleni? Kumbeba kumpandisha kwenye bajaji siku ya kliniki, tena hapo ndo panahitaji mwanaume maana mama ana mwili? Kupika uji? Kukaa sebuleni Jumamosi nzima ili mimi nitoke nikafufue kibanda changu? Kuwachukua watoto wa dada wikiendi wakacheze na binamu zao? Mila imezuia mambo mawili, mengine yote wamejizuia wenyewe. Halafu kule kwa dada wapo wanaume wahudumu, wengine Waafrika kabisa, wanaogesha wazee na kulipwa, wakirudi likizo kwao tunawaita wapambanaji.

MDAU #4

Mimi nipo Houston, nina cheti cha uuguzi msaidizi, nafanya usiku. Watu wa nyumbani hawajui hata uzazi huku ulivyo. Sheria ya Tanzania inampa mama aliyeajiriwa siku 84 za likizo ya uzazi kwa malipo, mapacha siku 100. Marekani sheria ya taifa ni ya 1993 na ni wiki 12 bila malipo, na uwe umetimiza masharti. Wengi tunarudi kazini mshono haujapona. Siku arobaini za kulelewa na supu na kukandwa zinabaki kwenye simu, mama anakuelekeza ukiwa unajikanda mwenyewe. Mama mkwe alikuja kwa viza ya kutembelea nikajua msaada umefika, akawa anashangaa kijana wake anaosha vyombo, akamwambia aache, mimi natoka shifti nakuta sinki limejaa. Sikumgombeza, ni mama yangu pia, nilimwomba mume wangu aongee naye yeye kama mtoto wake. Akaongea, ikatulia. Nilichojifunza ni kwamba mila akiitetea mwanaume anasikilizwa, na akiilegeza mwanaume anasikilizwa zaidi. Mleta uzi tafuta mjomba mmoja mwenye heshima akusemee.

MDAU #5

Mimi ni muuguzi hapa mjini. Dada yako kafundisha vizuri, niongeze machache. Kwa ngozi zetu usisubiri kuona wekundu, vidonda vya kulalia vinaanza bila kuonekana. Pitisha kiganja kwenye mkia wa mgongo, nyonga na visigino, ukisikia pana joto kuliko pembeni au pamekuwa pagumu, hapo ndo panaanza. Usipasugue kabisa, watu wanapasugua na mafuta wakidhani wanasaidia. Epusha mama asilalie upande huo. Ukimlisha awe amekaa, na abaki amekaa kama nusu saa baada ya kula, akikohoa wakati wa kunywa maji sema kliniki mapema maana wagonjwa wa kiharusi wanapaliwa chakula kinaenda kwenye mapafu. Presha apimwe, dawa zisikatwe eti kwa sababu anaonekana mzima.

Na wewe unayemuuguza lala. Nawaona wanaouguza wanakuja na presha zao wenyewe na wanadanganya kwamba wapo sawa.

MDAU #6

Naomba kuuliza nje ya mada kidogo, kuna agenti hapa anasema anapeleka wahudumu Uingereza kwa viza kama ya dada yako, anataka milioni kadhaa za kuanzia. Mdogo wangu amemaliza chuo yupo nyumbani. Niweke?

MLETA UZI

#6 usiweke hata mia. Tarehe 22 Julai 2025 Uingereza ilifunga kuajiri wahudumu wapya kutoka nje kwa viza hiyo, anayekuuzia sasa hivi anauza mlango uliofungwa. Na hata ulipokuwa wazi, ada ya leseni ya udhamini ni ya mwajiri, sio ya mfanyakazi. Kama ni nchi nyingine basi wakala awe na leseni ya Kamishna wa Kazi, na TaESA (Wakala wa Huduma za Ajira Tanzania) wapo hapahapa Dodoma nenda kaulize kwa miguu yako, usiishie kwenye makaratasi anayokuonyesha kwenye simu.

#5 ahsante sana nesi, nimepitisha kiganja, kisigino cha kulia kina joto. Nimeweka mto.

MDAU #7

Mimi nasoma Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) mambo ya jamii. Shirika la Kazi Duniani, ripoti ya 2018, wanawake wanafanya asilimia 76.2 ya kazi zote za matunzo zisizolipwa duniani, mara 3.2 ya wanaume. Hizo za kwako mleta uzi zimo humo. Ila na mimi nikuulize kwa heshima. Ukimwajiri dada wa kazi ili upumue, si utakuwa umemhamishia yeye? Naye ametoka kijijini kaacha mama yake na wadogo zake. Dada yako anatunza wa Leicester, wewe unatunza wa dada yako, binti wa Mpwapwa anatunza wa kwako, na wa kwake anatunzwa na nani?

MLETA UZI

Nimekuja na mrejesho, na #7 nitakujibu hapohapo.

Kikao kimekaa Jumamosi. Nilimfuata mjomba wa Mvumi kama alivyoshauri #4, akaja, akakaa kwenye kigoda mlangoni kwa mama makusudi ili mama asikie. Dada alikuwa kwenye simu. Nilikuwa na daftari, ukurasa mmoja hela zote alizotuma dada na zilikokwenda, ukurasa wa pili kazi za siku moja kuanzia saa 11 alfajiri mpaka saa 11 alfajiri ya pili, sikuandika maneno, niliandika saa na kazi tu. Mjomba akamwambia kaka mkubwa asome kwa sauti. Alisoma mpaka saa 4 asubuhi akakabidhi daftari kwa mdogo wake. Mdogo akamaliza yote.

Kaka mkubwa aliondoka kabla ya chakula, amesema anadhalilishwa na mabinti, hiyo siwezi kuificha. Mpaka leo hajatuma kitu. Kaka wa pili amechukua kliniki na dawa, amechukua mashuka (anayapeleka kwake yana mashine), na Jumamosi anakaa yeye na mkewe, mkewe ndo anamwogesha mama siku hiyo na nimemshukuru wifi mbele ya watu maana hakulazimishwa. Watoto wa dada Jumamosi wanalala kwao. Dada kiwango chake kimepunguzwa, na kwenye grupu la ukoo mjomba ameandika mwenyewe kwamba jina lake lisiwekwe kwenye michango bila kuulizwa. Dada alilia kwenye simu akashindwa kuongea, ikabidi tukate turudi baadae.

Sasa #7. Binti tumempata, ni kweli katoka upande wa Mpwapwa, na swali lako lilinikaa kichwani siku zote hizi. Siwezi kusema nimelimaliza. Nilichofanya ni hiki. Amri ya mishahara iliyoanza Januari 2023 ilitaja 60,000 kwa mwezi kwa mfanyakazi wa ndani anayekaa kwa mwajiri wa kawaida, sisi tumeanzia juu ya hapo kwa sababu huyu hafanyi usafi peke yake, anamgeuza mgonjwa, na nimemfundisha kwa shuka lilelile. Inatoka kwenye hela ya dada na ya kaka wa pili kwa pamoja. Jumapili ni yake yote, sheria ya kazi inataka mapumziko ya saa 24 kwa wiki na mimi nilikuwa nayalilia hayohayo, siwezi kumnyima yeye. Usiku tunapeana zamu, halali chumba cha mama kila siku. Simu yake anakaa nayo. Mama yake amepiga jana kuulizia kama anakula vizuri, nikamwambia akija mjini apite.

Kibanda Mtumba nafungua tena mwezi ujao, siku tatu kwa wiki kwanza.

Mwenye kumjua fizio (mtaalamu wa mazoezi ya viungo) anayefika nyumbani maeneo ya Nkuhungu au Chang'ombe aniandikie PM, na bei aitaje kabisa ili niiandike kwenye daftari kabla ya kikao kijacho. Kaka mkubwa nitamtumia nakala.